Nani Aliirekebisha Tiba ya Mazungumzo?

Maandishi mengi kuhusu afya ya akili barani Afrika huisimulia safari ya tiba ya mazungumzo kwa mpangilio uleule. Mwanasaikolojia tiba anafika kutoka Marekani au Ulaya akiwa na mwongozo uliotungwa kwao, wasomi wanaufasiri na kuondoa mifano isiyofaa, kisha wenyeji wanafundishwa kuutumia. Katika simulizi hiyo, kurekebisha ni kazi inayokwisha kabla mafunzo hayajaanza. Anayefuatilia yaliyotokea Uganda, Kongo, Kenya na Tanzania tangu mwaka 2000 atakuta mambo hayakwenda hivyo. Marekebisho yenye uzito yalifanyika ndani ya chumba cha mafunzo na katika vikao vya usimamizi vilivyoendelea wiki baada ya wiki, na mchango mkubwa ulitoka kwa watu ambao kwenye karatasi waliitwa wanafunzi. Naandika kuitetea kauli hiyo, kwa sababu jibu la swali la nani aliifanya kazi hii ndilo linaloamua fedha zipelekwe wapi, nani apewe muda, na neno la nani lisikilizwe tiba inapogoma.

Uzito wa jambo hili unaonekana tukirudi nyuma. Huko Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, mahali palipokuwa awali makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Nairobi ilipata hifadhi yake mwaka 1910, ile iliyokuja kuitwa Mathari, na Dodoma ikapata Mirembe mwaka 1927. Zilikuwa nyumba za kutunzia na kufungia, na hakuna aliyetarajia kwamba mazungumzo na mgonjwa yangekuwa dawa. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliigeuza hali hiyo kuwa nadharia. Katika kitabu alichoandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na kabla ya hapo alikuwa amemlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Ushahidi wake ulikuwa wagonjwa waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa huko kwa kawaida ni wale waliokuwa wamesababisha vurugu mbele ya watu. Mama aliyejikunja kimya nyumbani kwake, asiyelima wala kula, hakuna askari aliyemkamata. Hakuhesabiwa, kwa hiyo hakuwapo. Na nadharia inayosema mtu hana huzuni ya ndani haiwezi kuzaa shule ya kufundisha namna ya kuongea naye.

Madai hayo yaliangushwa na watu waliokwenda vijijini badala ya kungoja hospitalini. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakitumia mahojiano ya kitabibu ambayo yalikuwa yametumika pia kwa wanawake wa Camberwell, London. Walikuta sonona imeenea zaidi katika vijiji vile vya Uganda kuliko Camberwell. Lakini kugundua kwamba watu wanaumwa ni jambo moja, na kupata wa kuwatibu ni jambo jingine. Madaktari wa akili katika eneo lote hili walikuwa wachache mno, na kazi ya kukaa na mtu aliyevunjika moyo haikuwa na mwajiri. Ukimwi ndio uliobadilisha hilo. Shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, lilionyesha kwamba mtu asiye daktari anaweza kufundishwa kazi ya ushauri nasaha na kuifanya vizuri, tena miongoni mwa watu wanaomjua. Tiba za mazungumzo zilipokuja kujaribiwa kisayansi, zilikuta njia hiyo imeshafyekwa na washauri ambao vitabu vya saikolojia haviwataji.

Mwaka 2000 mtafiti Paul Bolton alikwenda Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, wilaya zilizokuwa zimechimba makaburi mengi kuliko mahali pengi duniani. Hakuanza na orodha ya dalili iliyoandikwa ng'ambo. Aliuliza wanakijiji wenyewe waeleze shida zilizoletwa na Ukimwi, nao wakataja hali mbili za huzuni zenye majina katika Kiganda na dalili zinazokaribiana sana na sonona ya vitabuni. Waliokuwa wakipanga tiba walichagua ile iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ambayo huitazama sonona kupitia mahusiano ya mgonjwa na watu wake. Mwanasaikolojia Lena Verdeli na mwenzake Kathleen Clougherty walikwenda kufundisha. Waliofundishwa walikuwa Waganda wasio matabibu, nao walipewa mafunzo ya wiki mbili. Hapo ndipo historia ya kweli ya marekebisho inapoanza.

Tiba ile ilikuwa na maeneo manne ya shida: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upungufu wa mtu katika kujenga mahusiano. Matatu ya kwanza yalikubalika bila shida, maana ndiyo yaliyokuwa maisha ya Rakai ya kila siku. La nne halikupata mahali. Katika kijiji ambako mtu huzaliwa, huolewa na huzikwa akiwa amezungukwa na ukoo na majirani, ugonjwa unaotokana na kutokuwa na watu haukuonekana kuwa chanzo cha yale waliyoyaona, na eneo hilo likawekwa kando. Hata msiba ulidai mkono mwingine. Tiba hiyo kwa umbo lake la Marekani humsaidia mfiwa kumkumbuka marehemu mzima, mema yake na maudhi yake, kwa sababu huzuni inayomsifu tu marehemu huwa ngumu kuisha. Lakini marehemu hasemwi vibaya. Mtu atakayemuuliza mjane ubaya wa mumewe aliyezikwa atakuwa amelifunga zungumzo lote, na huenda asikaribishwe tena. Suluhisho likawa kuuliza kwa upole kama kulikuwa na nyakati katika maisha yao pamoja ambapo marehemu alimvunja moyo. Swali hilo linafika palepale tiba inapotaka kufika, bila kuvunja heshima ya marehemu wala ya aliyebaki. Katika ugomvi wa nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo: mwongozo wa Marekani humhimiza mtu aseme wazi kinachomkera, ilhali mwanamke wa kijijini anayemkabili mumewe hivyo aweza kujiongezea matatizo. Ilibidi zitafutwe njia za kufikisha neno ambazo jamii inazikubali, na anayezijua ni yule anayeishi katika jamii hiyo.

Hakuna hata moja katika hayo ambalo mfasiri mwenye kamusi angeliona mapema. Sentensi inayouliza ubaya wa marehemu hufasirika vizuri kabisa kwa Kiganda, na kosa lake halimo katika maneno. Kosa linaonekana pale mkurufunzi anapoambiwa aigize kikao mbele ya wenzake, anapofika kwenye swali lile na kusita, na mkufunzi mwenye busara anapouliza kwa nini amesita badala ya kumsahihisha. Kusita huko ndiyo malighafi ya marekebisho. Verdeli na Clougherty wanastahili sifa kwa kuruhusu kusita huko, na wenye ujuzi uliojibu walikuwa wale waliokaa upande wa pili wa meza. Jaribio lililofuata mwaka 2002 lilihusisha vijiji 30, na vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye kundi la tiba walikuwa na sonona kali. Baadaye walibaki asilimia 6.5, huku katika vijiji vya kulinganisha wakibaki asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mazungumzo kama tiba ni anasa ya matajiri.

Kivu ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara lakini nyumbani watu husema Mashi, Kihavu, Kifuliru au Kibembe, watafiti walipeleka tiba iliyobuniwa na Patricia Resick kwa ajili ya manusura wa ubakaji nchini Marekani. Tiba hiyo humfundisha mtu kuyakagua mawazo ambayo kiwewe kimeyaacha kichwani mwake: kwamba yeye ndiye mwenye kosa, kwamba hakuna wa kuaminiwa, kwamba hana thamani tena. Marekani mgonjwa huandika mawazo hayo kwenye karatasi za mazoezi. Wanawake wengi wa vijiji hivi hawakupata nafasi ya kwenda shule, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa na maswali yakashikwa kwa kichwa. Walioongoza vikundi walikuwa wasaidizi Wakongo wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Debra Kaysen, mwanasaikolojia tiba aliyekuwa Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kazi hiyo. Baada ya mafunzo ya wiki mbili, kilichoishika kazi isimame ni mnyororo wa usimamizi: wasaidizi walisimamiwa na watu wa shirika la International Rescue Committee waliokuwa karibu nao, na hao waliwasiliana kwa mbali na wakufunzi walioko Marekani.

Tufikirie tatizo moja tu ambalo mnyororo huo ulipaswa kulitatua. Mwanamke anasema hayuko salama popote. Katika mji tulivu wa Marekani, wazo hilo ni kovu la kiwewe na tiba hulikagua hadi lilegee. Katika kijiji ambacho watu wenye silaha wangali msituni, wazo hilo linaweza kuwa taarifa sahihi, na mshauri atakayemfundisha mtu kulipuuza anamhatarisha. Hakuna mwongozo uwezao kusema ni wazo lipi la nani ni kovu na lipi ni tahadhari. Anayepima ni msaidizi anayejua njia ya kwenda shamba ipi ina hatari wiki hii, na anayemsaidia kupima ni msimamizi anayeongea naye kabla ya kikao kijacho. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalihusu wanawake 405 katika vijiji 15. Katika vijiji vya tiba, wenye dalili kali za sonona na wasiwasi walikuwa asilimia 71 mwanzoni na asilimia 9 miezi sita baada ya tiba kwisha. Katika vijiji ambako wanawake walipewa msaada wa mtu mmojammoja, idadi ilishuka kutoka asilimia 83 hadi 42.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Wanaopima ubora wa tiba watasema: ikiwa eneo moja kati ya manne limeondolewa, maswali yamegeuzwa na karatasi zimetupwa, basi kilichopimwa si tiba ileile, na ushahidi wake wa Marekani hauwezi tena kuiunga mkono. Nakubaliana na woga ulio nyuma ya hoja hiyo, kwa maana mshauri anayebadilisha kila kitu kwa jina la utamaduni anaweza kurudi kwenye mahubiri na makaripio, na mgonjwa asipate lolote. Lakini ushahidi unaonyesha kwamba usimamizi wa karibu ndio ulioilinda tiba isipotee. Mwaka 2011 Laura Murray na wenzake walieleza utaratibu waliouita wa uanagenzi: mkufunzi wa nje hufundisha, wasimamizi wa hapo huwaongoza washauri katika vikundi vidogo vya mazoezi kila wiki, na mkufunzi huwasikiliza wasimamizi kwa miezi mingi. Seremala wa Pwani hajifunzi kuchonga mlango kwa kusoma maelezo yake. Hukaa na fundi hadi mkono uzoee. Katika utaratibu kama huo, mshauri anayetaka kubadilisha jambo hulazimika kulieleza mbele ya wenzake na msimamizi, na msimamizi hulazimika kuamua kama kilichoguswa ni umbo au ni kiini. Rakai walibadilisha swali kuhusu marehemu, lakini hawakuacha kuiunganisha sonona na msiba wenyewe. Tofauti hiyo hupatikana kwa mazoezi, kesi kwa kesi, na hakuna aliyewahi kuiandika yote mapema.

Ushahidi ulioibana hoja yangu zaidi unatoka Nakivale, kambi ya wakimbizi ya kusini magharibi mwa Uganda. Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani waliwafundisha wakimbizi wenyewe kwa wiki sita, kisha wakalinganisha tiba mbili kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Moja ilikuwa ya kusimulia maisha kwa mpangilio hadi kiwewe kipate mahali pake katika simulizi. Nyingine ilikuwa ushauri wa kawaida usio na mpangilio mkali. Mwaka 2008 waliripoti kwamba asilimia 70 ya kundi la kwanza na asilimia 65 ya kundi la pili hawakuwa tena na maradhi ya kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 37 ya wale waliofuatiliwa bila tiba. Mtu anaweza kusema: basi mbinu si kitu, na mjadala wa marekebisho ni wa bure. Mimi nalisoma jambo hilo vingine. Kilichokuwa sawa katika makundi yote mawili ni mshauri: mkimbizi aliyeteuliwa miongoni mwa wakimbizi, akafundishwa, akasimamiwa. Kama tiba mbili zenye mbinu tofauti hukaribiana kwa matokeo zinapopita katika mikono ileile, tuna sababu ya kuitazama mikono. Hata hivyo mbinu haikuwa bure, kwani walioacha tiba njiani walikuwa asilimia 4 katika kundi la simulizi na asilimia 21 katika ushauri wa kawaida, na mgonjwa asiyerudi hatibiwi.

Moshi na Bungoma zinafundisha jambo gumu zaidi kulimeza. Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao walijaribu tiba ya vikundi kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, mjini na vijijini, upande wa Kenya na upande wa Tanzania, wakiwatumia washauri wasio wataalamu waliofundishwa na kusimamiwa. Tiba ilikuwa ileile, na mipango ya mafunzo ni hiyohiyo. Tiba ilipomalizika, watoto waliotibiwa walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne, yote mawili ya Kenya na Moshi mjini. Baada ya mwaka mzima, tofauti ilibaki Kenya peke yake. Upande wa Tanzania watoto ambao hawakupata tiba nao walikuwa wamepata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa matokeo hayo, kauli yangu lazima iwe na mpaka: mafunzo mazuri na marekebisho mazuri hayawi na faida ileile kila mahali, kwa kuwa maisha ya mtoto nje ya kikao nayo hutibu au huumiza. Na yanaipinga kwa nguvu zaidi imani ya kwamba tiba ikisharekebishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki imerekebishwa. Nchi mbili jirani, zinazopakana na kusema Kiswahili, zilitoa majibu mawili.

Pingamizi jingine linaupinga mradi mzima. Derek Summerfield, daktari wa akili, aliandika mwaka 1999 akikosoa programu za kiwewe zilizopelekwa kwenye nchi za vita. Alisema zinageuza madhila ya kisiasa kuwa ugonjwa wa mtu mmojammoja, na zinaipuuza elimu ya jamii zenyewe kuhusu namna ya kuvumilia na kusimama tena. Wengine huongeza kwamba tiba ya kukaa pamoja na kuliongea tatizo haikungoja ndege itue. Katika kitabu chake cha mwaka 1978, John Janzen alionyesha jinsi ndugu wa mgonjwa huko Kongo ya chini wanavyokutana kuamua matibabu yake, na mwaka 1992 aliandika kuhusu ngoma za uganga, zikiwemo za Dar es Salaam, ambamo aliyeponywa huingizwa katika kundi la wagonjwa wenzake na hatimaye huweza kuwa mganga. Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alikwisha kuwashirikisha waganga na familia katika vijiji vya Aro tangu mwaka 1954.

Sehemu kubwa ya pingamizi hilo ni ya kweli. Tiba haizuii bunduki, na shirika lifundishalo washauri likanyamaza kuhusu wanaobaka limefanya nusu ya kazi. Lakini asilimia 9 na asilimia 42 za Kivu zilipatikana chini ya vita ileile, katika vijiji vya eneo lilelile. Wanawake wale walitaka amani na walitaka usingizi, na hakuna haki ya kuwaambia wangoje cha kwanza ndipo wapewe cha pili. Kuhusu uganga, Janzen anaipa nguvu hoja ya uanagenzi. Ngoma haikuenezwa kwa maandishi: ilienezwa kwa kukaa na mwalimu, kuugua na kupona mbele yake, na kuruhusiwa hatua kwa hatua. Kilichokuwa kigeni katika Rakai na Kivu kilikuwa yaliyomo. Namna ya kukirithisha, pale ilipofanikiwa, ilifanana na ya wenyeji kuliko na ya chuo kikuu. Tena mjane Mlokole wa Masaka na mkimbizi Msomali wa Nakivale wangekataa kukanyaga kilingeni, na wao pia walihitaji pa kwenda.

Harare ilithibitisha kwa kiwango kikubwa zaidi kwamba marekebisho hutoka kwa wanaofundishwa. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare akiwa na bibi 14 waliokuwa wakifanya kazi za afya ya jamii. Benchi la kukalia mgonjwa liliitwa kwanza benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi ndio waliotaka liwe benchi la urafiki. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016 katika kliniki 24, waliobaki na sonona miezi sita baadaye walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na bibi na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umekwisha kufika Zanzibar.

Mwaka huohuo wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba ile iliyojaribiwa Rakai na Masaka, ili utumike na washauri wasio wataalamu popote duniani. Maeneo ya shida ndani yake ni manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upweke. Lile la nne, lililowekwa kando kusini mwa Uganda, limerudi, na kwa msomaji wa mjini halishangazi, kwa sababu chumba cha kupanga Kariakoo au Eastleigh kinaweza kumweka mtu peke yake kwa namna ambayo kijiji hakikuweza. Kila kundi jipya la wakurufunzi litalazimika kuamua upya kama eneo hilo lina watu kwao, na kama lina watu, waulizwe vipi. Uamuzi huo hauwezi kumalizwa katika wiki mbili za mafunzo. Unahitaji saa za usimamizi zilizolipiwa, mwaka wa kwanza na wa pili, na saa hizo ndizo ambazo wafadhili huzikata kwanza mradi unapokaribia kufungwa.